Kipande cha Babu Yako

Tausi mwanangu,

Umetoka hapa saa nane kwenda mjini kukata tiketi, na mama yako amepiga simu kwamba ameshapanda gari Misima. Nina kama saa mbili za kuwa peke yangu na babu yako. Nimezitafuta saa hizi kwa wiki tatu nzima, na kila zilipopatikana nimezikimbia. Leo nimesogeza vitambaa, nimefunika cherehani, naandika juu ya meza ya kukatia. Yeye yuko nyuma ya pazia, macho wazi, ameelekea ukutani. Namsikia anavyopumua.

Sikuandikii habari za sweta na baridi ya Njombe, wala namna ya kukaa na mwalimu mkuu, wala kuchunga begi stendi. Hayo mama yako atakuambia mpaka umkimbie. Mimi nina jambo moja tu, ni baya, na nikianza na salamu ndefu najijua nitaishia kwenye salamu.

Babu yako haumwi. Wala hakususa kwa sababu unaondoka. Ni mimi niliyemwachisha kazi.

Nipe nafasi nieleze toka mwanzo, hata yale unayoyajua, maana nikirukaruka nitapata pa kujificha.

Unakumbuka ilivyoanza mwaka juzi. Babu yako alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, anavaa shati la kaki, anajifunga gunia kiunoni, kisha anadai panga lake. Anakwenda kukata mkonge. Ukimwambia shamba lilishafungwa, kwamba nusu ni pori na nusu watu wamelima mahindi, anakutazama kama mtu mvivu anayetafuta mwenzake wa kukaa naye bure. Siku moja alitutoroka. Akarudishwa saa nne na kijana wa Kimasai aliyekuwa akichunga ng'ombe, amemshika mkono taratibu, na kijana akaniambia, mzee huyu anasema amechelewa kazini, msimpige. Nilitaka ardhi inimeze.

Wewe ulikuwa nyumbani, mwaka wa pili tangu umalize chuo, unangoja ajira. Mimi nilifikiria kufuli. Wewe ulimwuliza tu, "Babu, kipande chako kiko wapi?" Akajipapasa mfukoni kwa hofu. Ukachana jalada la daftari gumu, ukachora vyumba thelathini kwa rula, ukaandika jina lake juu. Mimi niliyezaliwa kwenye nyumba za laini, zile za wafanyakazi wa shamba, nilikuwa nimesahau kipande, kadi ile ya kazi ambayo karani aliiandika kila siku mtu anapomaliza sehemu yake. Siku isiyoandikwa haikuwa na posho, na familia ililala hivyo hivyo. Sijui wewe ulikumbuka vipi jambo ambalo hukuliona. Labda ulimsikiliza alipokuwa akisimulia, wakati mimi nilikuwa nikingoja amalize.

Tangu siku hiyo akakuita karani. Akiwa na furaha alikuita mke wangu karani, na wewe ukimjibu kwamba mahari yake hujaiona. Mimi alinipa unyapara. Sikuupenda. Nilikugombeza jikoni, nikasema usimfanye baba yangu mtoto. Ukanijibu kwa sauti ya chini kwamba yeye hakutaka chochote kikubwa, alitaka aandikwe tu. Nilikukasirikia siku mbili kwa sababu ulikuwa na haki.

Kwa mwaka na nusu tulitembea. Kuna siku ulikwenda naye wewe, kuna siku mimi, kuna siku watatu. Tunapita msikitini, tunapita nyumba za laini ambazo sasa zimebaki kuta, tunashuka korongoni, tunavuka reli, mpaka korona, kile kiwanda cha kuchakata mkonge ambacho sisi tulikiita hivyo kabla ulimwengu haujaliogopa jina hilo. Pale ipo mikonge michache iliyojiotea. Anachagua mmoja, anahesabu majani kwa kidole mpaka thelathini, anafuta jasho ambalo halipo, anasema mzigo umefungwa. Anahamia mwingine. Akishafunga mizigo yake anageuka mwenyewe, bila kuvutwa, na mlangoni unampigia alama kwenye kipande, na kikijaa unamchorea kingine. Kisha anakula. Ulimwona anavyokula, Tausi. Uji kikombe kizima, na mchana ugali anaumaliza na kuramba kidole, mtu aliyeutolea jasho.

Sasa nikuambie mimi nilivyokuwa nikitembea. Nilikuwa natangulia hatua kumi. Ulidhani nasafisha njia, kwa ajili ya nyoka. Hata uliwahi kunisifia kwa hilo. Nilitangulia ili nikikutana na mtu anione mimi kwanza, peke yangu, mtu mzima anayekwenda zake, kabla hajamwona mzee mwenye gunia nyuma yangu. Nina miaka hamsini na minne na nilikuwa namwonea aibu baba yangu kwenye njia ya mahindi ambako hata watu hawapiti.

Aibu hiyo ni ya zamani. Nilikuwa darasa la tano. Asubuhi moja ya mvua nilitoka bila viatu, nikavisahau mlangoni, na siku hiyo alikuja mkaguzi na mwalimu alikuwa ametuonya kuhusu viatu. Babu yako akaviona. Aliacha kazi katikati, jambo ambalo kwa mkata mkonge lina maana kwamba siku imekwenda bure, akaja shuleni na gunia lake kiunoni, utomvu mpaka kwenye viwiko, ameshika viatu vyangu mkononi. Ile harufu ya mkonge ilifika kabla yake. Wenzangu, watoto wa makarani na wa wenye maduka, wakaanza kuulizana huyu manamba ni baba wa nani. Nikaomba ruhusa kwenda chooni. Nilikaa chooni mpaka kengele ikalia. Yeye alisimama uwanjani muda wote huo ameshika viatu, kisha akamwachia mwalimu. Jioni aliniuliza kama nimevipata, nikasema nimevipata. Hatukuongea tena juu ya siku ile. Mpaka leo sijui kama aliniona nikiingia chooni.

Nimekueleza hilo ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekuwa na babu yako ile alfajiri.

Ilikuwa wiki ya shule kufunguliwa. Wewe ulikuwa umekwenda mjini kugongesha mihuri kwenye vyeti, ukalala kwa rafiki yako. Nilikuwa na sare za watoto kumi na mmoja zisizokwisha, nimelala kidogo sana, na mvua ilikuwa ikinyesha tangu jana yake. Nikasikia pazia. Amesimama mlangoni, gunia kiunoni.

"Nyapara, tumechelewa," akasema.

Nikamwambia leo hakuna kazi. Akasema mvua si sababu, mkonge tumeukata kwenye mvua miaka yote. Nikamwambia akalale. Akashika komeo. Nikamvuta mkono, akanisukuma, na unajua bado ana nguvu za mkono. Nikapandwa na hasira, Tausi, hasira ya miaka, na mdomo ukapata neno ambalo kichwa kilikuwa hakijalitafuta.

"Hakuna kazi leo wala kesho. Umeachishwa."

Aliachia komeo. Akaniuliza, "Nimekosa nini?"

"Umezeeka."

Kisha akauliza kwa heshima, kama mtu anayeogopa kusumbua, "Karani anajua?"

Nami nikamwambia, "Karani ndiye aliyekufuta jina."

Hayo ndiyo maneno yangu, sikuongeza wala sikupunguza. Nilikutaja wewe kwa sababu nilijua mimi hataniamini.

Alifungua gunia kiunoni, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya vitambaa vyangu. Akatoa kipande mfukoni akanipa kwa mikono miwili, anarudisha mali ya shamba. Kisha akaenda kulala akageukia ukuta. Na mimi nilifurahi. Sitakuficha. Nilishona sketi saba mpaka adhuhuri, nikajisemea kumbe dawa ilikuwa ni hii, mwaka na nusu tumejitesa bure.

Kesho yake ukarudi unakimbia, umeona jina lako kwenye orodha ya ajira za walimu, umepangiwa Njombe. Hukuja kwangu kwanza, ulikwenda kwake, ukapiga magoti kitandani ukamwambia babu nimepata kazi. Akajifunika shuka usoni. Nilikuwa nimesimama hapa hapa nilipokaa sasa. Ukageuka ukanitazama, uso umesawijika, na kwenye uso huo niliona umeshajijibu mwenyewe: babu amekasirika kwa kuwa naondoka. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Nilikwenda kuwasha jiko.

Mengine unayajua kuliko mimi. Uji ulimpelekea akakuambia, wape wenye kazi. Ulidhani anakusema wewe na Njombe yako. Alikuwa akikataa posho ambayo hakuitolea jasho, basi. Uliulizia kipande, nikakuambia amekipoteza. Kilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya mikasi. Ukachora kingine, kizuri zaidi, ukampelekea asubuhi umvike gunia mwende, naye akakuambia usinidhihaki. Ulitoka nje ukalia nyuma ya banda la kuku, na mimi nikasimama upande wa pili wa banda nikikusikiliza mwanangu unavyolia kwa ajili ya uongo wangu. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikayameza.

Tulipompeleka hospitali, daktari alisema haoni ugonjwa wa kumzuia kula, na miguu itakakamaa asipotembea. Akauliza kama kuna jambo lililomuudhi nyumbani. Wewe uliinamisha kichwa. Mimi nikasema hakuna.

Utauliza kwa nini sikusema hata pale. Nimejiuliza sana, na jibu ni baya kuliko kosa lenyewe. Usiku ule uliniambia pengine uandike barua, uombe wakuahirishie mpaka babu apate nafuu. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Niliona njia ya kukuzuia bila mimi kukuzuia. Nilijua ukikaa nitapumzika asubuhi tatu kwa wiki, nitashona, kutakuwa na mtu wa kuongea naye humu ndani. Mama yako analala Misima miezi minane sasa akimwuguza bibi yako, na simlaumu, kila mmoja wetu ana mzazi wake mgongoni. Lakini ukiondoka wewe tunabaki mimi na yeye. Naogopa, Tausi. Naogopa kama mtoto. Kuna asubuhi nimemtazama nikamwomba Mungu amchukue, kisha nikaomba msamaha, kisha nikaomba tena. Kwa hiyo nilimwacha baba yangu akae na njaa ili wewe ukae na huruma. Ni mama yako aliyekata shauri kwa simu. Alisema mtoto amengoja miaka mitatu, ataondoka, na babu ana mwanawe. Hakujua mwanawe amefanya nini.

Wiki iliyopita nilijaribu kulirekebisha peke yangu, kwa siri, nisije nikalazimika kukuambia. Ulipokwenda kisimani nilimletea kipande chake, nikampigia saluti ya kipuuzi, nikamwambia mzee, umerudishwa kazini, twende. Aliinua kichwa akanitazama. Amekonda usoni, macho yamekuwa makubwa.

"Nani kaniandika?"

Nikasema mimi.

"Nyapara hana kalamu," akasema, akageuka.

Nimejaribu mara tatu. Jibu ni hilo hilo. Jana amekunywa vijiko vinne vya uji, leo viwili. Nyapara anaweza kufukuza, lakini jina lililofutwa linarudishwa na karani tu, na aliyemtwisha karani huyo kosa lisilo lake ni mimi.

Ningeifuata aibu yangu, ningekuandikia haya yakukute Njombe. Ndivyo nilivyopanga kwanza. Nilishachagua mahali: ndani ya lile sweta la kijani, chini kabisa ya begi, uikute barua siku ya tatu au ya nne, nami niko mbali na uso wako. Ndiyo namna yangu. Mama yako alipotaka niende naye Misima kuzungumza na ndugu zake kuhusu kumwuguza mama yao, nilikutuma wewe useme nina homa. Mwalimu alishika viatu vyangu, wewe ukashika homa yangu, na sasa umeshika kufukuzwa kazi kwa babu yako. Nimeishi kwa kuwatwisha wengine maneno yangu. Kama kuna kitu nataka usichukue kutoka nyumba hii ni hicho. Utakosea huko, utakosea kwa watoto wa watu. Basi kosea kwa jina lako mwenyewe, na kosa lirudi kwako mwenyewe mapema, kabla halijaota mizizi kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo barua hii haiingii kwenye begi. Ukirudi na tiketi nitakupa mkononi, na nitakaa hapa wakati unasoma. Mama yako nitamwambia mwenyewe akishafika, kabla hajavua ushungi. Unaruhusiwa kunikasirikia. Unaruhusiwa kutonisemesha mpaka stendi na baada ya stendi.

Nina ombi moja, na nimeogopa kuliandika mpaka mwisho. Basi lako ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Babu yako huwa macho saa kumi na moja, hata sasa, nasikia kitanda kikilia saa ile ile, kisha kinanyamaza. Kesho usiingie kumuaga. Ingia na kalamu. Kipande chake nimekitoa kwenye droo, kile alichonirudishia, kiko hapa juu ya meza na vyumba kumi na vinne havijaandikwa. Mwambie hukumfuta. Mwambie nyapara alisema uongo, na mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo mlangoni, nitamwambia ndiyo, nilisema uongo, na sababu nitamwambia pia akitaka. Kisha mwambie umehamishwa kituo, kwamba karani mpya ni mimi, na kalamu unikabidhi mbele yake aone. Usimfiche kwamba unaondoka. Ameshadanganywa vya kutosha na mtu mmoja.

Sijui kama ataamini. Sijui kama miguu itakubali, wiki tatu kwa mtu wa umri wake ni nyingi. Huenda akasema usinidhihaki. Akisema hivyo, au akinyamaza, usikae, Tausi. Usiangalie saa, usimwangalie mama yako, usiniangalie mimi. Mpe shikamoo yake, chukua begi lako, upande basi. Asipoinuka, ni kwa sababu yangu, na nitakaa naye mimi. Akiinuka, nitatembea nyuma yake.

Nasikia mlango wa nje, nadhani umerudi. Kesho hiyo saa kumi na moja usinitafute ndani. Nitakuwa mlangoni, nimeshika viatu vyake.

Baba yako